Jina Lisilopata Maktaba Yake: Utatuzi wa Utegemezi katika Ujenzi wa Programu za Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna ya kuchunguza na kuondoa kosa linalowakwamisha wanafunzi na watafiti wengi wanaojenga programu za kuchanganua lugha, yaani pale ambapo zana ya ujenzi inakataa kuendelea kwa sababu maktaba inayotegemewa haikupatikana. Hoja kuu ni kwamba ujumbe wa kosa hilo hauarifu tu kuwa kitu fulani hakipo. Ukisomwa vizuri, unaarifu ni jina gani lililotafutwa, nani aliyelitafuta, katika hatua gani, na mahali gani. Mifano imechukuliwa zaidi katika nyenzo za Kiswahili, na mazingira yanayozingatiwa ni ya mwanafunzi wa uzamili anayefanya kazi zake baina ya Mlimani na Kimara.

1.0 Utangulizi

Uchunguzi wa Kiswahili kwa kutumia kompyuta una historia isiyo fupi. Mwaka 1992 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha maelezo ya uchanganuzi wa mofolojia ya Kiswahili kwa mtindo wa ngazi mbili, mtindo ambao Kimmo Koskenniemi alikuwa ameubuni mwaka 1983. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, iliendesha mradi wa Kilinux. Mwishoni mwa mwaka huo mradi ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya kazi za ofisi ya OpenOffice.org iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Kazi za aina hii zina upande usioonekana. Msomaji wa tasnifu huona majedwali ya matokeo, lakini haoni programu iliyoyatoa, wala haoni programu nyingine ambazo hiyo ya kwanza iliziegemea. Hata hivyo, upande huo ndio unaoamua kama utafiti unaweza kurudiwa. Tasnifu inayodai kuwa kichanganuzi fulani kinatambua vitenzi vya Kiswahili kwa kiwango kikubwa haithibitishiki iwapo miaka mitano baadaye kichanganuzi hicho hakijengeki tena katika kompyuta ya mtahini. Mara nyingi kinachokwamisha si kanuni za mofolojia wala data, bali ni mstari mmoja wa maandishi unaosema kuwa maktaba fulani haikupatikana.

Wanaokutana na mstari huo kwa kawaida hufanya moja kati ya mambo mawili. Baadhi hujaribu kila dawa wanayoisikia hadi mojawapo ifanye kazi, nao hubaki wasijue ni ipi iliyoponya. Wengine huacha. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba ipo njia ya tatu, na kwamba mwanaisimu ana maandalizi mazuri ya kuifuata.

2.0 Dhana za Msingi

2.1 Maktaba, Utegemezi na Ujenzi

Katika taaluma ya kompyuta, maktaba ni mkusanyo wa taratibu zilizokwisha kuandikwa ili programu nyingine zizitumie. Mtu anayetaka programu yake isahihishe tahajia hana haja ya kuandika upya taratibu zote za usahihishaji. Huiita maktaba kama Hunspell, iliyoandikwa na László Németh kwa ajili ya Kihungari na kuenea baadaye katika lugha nyingi. Programu inayoiita maktaba nyingine husemwa kuwa inaitegemea, na uhusiano huo ndio utegemezi. Maktaba nayo huweza kutegemea maktaba nyingine, na hivyo orodha ya majina manne inaweza kuzaa mti wenye matawi mengi.

Ujenzi ni mfululizo wa hatua zinazoyageuza maandishi ya mwandishi wa programu kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukitekeleza. Zana za ujenzi, kama vile make, Maven na Gradle, husimamia hatua hizo. Utegemezi hutatuliwa pale ambapo kila jina lililotajwa limepata kitu kimoja, mahsusi, kinachorejelewa nalo.

2.2 Suala la Urejeleo

Msingi wa kosa linalojadiliwa hapa ni suala la urejeleo. Tuchukulie sentensi ifuatayo:

(1) Alikileta jana.

Sentensi hiyo haina kasoro ya kisarufi. Hata hivyo, kiambishi -ki- kinadai nomino ya ngeli ya KI-/VI- ambayo msikilizaji anaijua. Kama nomino hiyo haikutajwa, wala haimo katika mazingira ya mazungumzo, msikilizaji hukwama na kuuliza: "Nini?" Swali lake halimaanishi kuwa hakuna vitabu, visu wala viti duniani. Linamaanisha kuwa yeye, kwa wakati huo na kwa muktadha alionao, hawezi kuunganisha kiambishi na kitu.

Zana ya ujenzi inayolalamika hufanya vivyo hivyo. Haisemi kwamba maktaba haipo popote. Inasema kwamba katika mahali ilipoelekezwa kutafuta, kwa jina ililopewa, haikuona kitu kinachofaa. Tofauti baina ya madai hayo mawili ndiyo ufunguo wa utatuzi.

3.0 Hatua Nne na Jumbe Zake

Jina la maktaba hutafutwa zaidi ya mara moja, na kila mara mtafutaji ni mwingine. Hivyo, hatua ya kwanza ya uchunguzi ni kumtambua msemaji wa ujumbe. Ili kuzipambanua hatua, tuchukulie kwamba mwanafunzi anajenga programu ya kukagua tahajia za insha za Kiswahili kwa kutumia Hunspell.

3.1 Ukusanyaji

Zana kama Maven, Gradle na pip huanza kwa kusoma orodha ya maktaba zinazohitajika, kisha huziagiza kutoka katika ghala lililo kwenye intaneti. Katika hatua hii pip huweza kusema "No matching distribution found", yaani hakuna mgao uliolingana na ombi. Neno la kuzingatiwa hapo ni kulingana. Huenda jina limekosewa herufi; huenda jina ni sahihi lakini toleo lililoombwa halikutolewa kamwe; huenda toleo lipo lakini halikutengenezwa kwa ajili ya Python iliyomo katika kompyuta hiyo; na huenda ghala lenyewe halikufikiwa.

Aidha, maktaba moja huweza kuwa na majina mawili. Maktaba ambayo programu ya Python huiita kwa jina la sklearn husajiliwa ghalani kwa jina la scikit-learn, na ile iitwayo yaml husajiliwa kama PyYAML. Anayeagiza kwa jina la ndani hushangaa kuona haipati maktaba ambayo wenzake wanaitumia kila siku, na pengine huletewa kitu kingine chenye jina hilo.

3.2 Ukompaili

Kompaila husoma maandishi ya programu na kuyageuza kuwa lugha ya mashine. Kwa programu za C na C++, inahitaji kuona faili-kichwa, yaani faili linalotangaza majina ya taratibu zilizomo katika maktaba na aina za vijenzi vyake. Ikisema kuhusu hunspell.hxx kuwa "No such file or directory", basi kilichokosekana ni tangazo, si maktaba yenyewe.

Kosa hili huwasumbua wengi kwa sababu maktaba huwa imo katika kompyuta na programu nyingine zinaitumia bila tatizo. Katika mfumo wa Debian na jamaa zake, maktaba hugawanywa katika vifurushi viwili: kimoja cha mtumiaji na kingine cha mjenzi, ambacho jina lake huishia na -dev. Mwenye kifurushi cha kwanza pekee anaweza kutumia programu zilizojengwa na wengine, lakini hawezi kujenga yake. Dawa ni kuweka libhunspell-dev. Katika Fedora kifurushi hicho huitwa hunspell-devel.

3.3 Uunganishaji

Kiunganishaji hukusanya vipande vilivyotoka kwa kompaila na kuvifunga pamoja na maktaba. Kina jumbe mbili ambazo hazina budi kutofautishwa.

Ujumbe wa kwanza ni "cannot find -lhunspell". Hapa faili la maktaba halikuonekana kabisa. Yawezekana halimo, limo katika saraka ambayo kiunganishaji hakikuelekezwa kuitazama, au limo kwa jina jingine. Hunspell ni mfano mzuri wa hali hii ya mwisho, kwa kuwa jina la maktaba yake hubeba namba ya toleo, kama vile libhunspell-1.7, anayeomba hunspell tupu huenda asijibiwe. Badala ya kubahatisha, inafaa kuiuliza zana ya pkg-config, ambayo hutaja jina na mahali sahihi kadiri maktaba yenyewe ilivyojieleza ilipowekwa.

Ujumbe wa pili ni "undefined reference", yaani rejeo lisilo na kirejelewa. Hapa mafaili yaliyotajwa yameonekana, lakini jina la utaratibu fulani halikupatikana ndani yake. Sababu tatu hujitokeza mara kwa mara. Ya kwanza ni kwamba maktaba haikutajwa kabisa katika amri. Ya pili ni mpangilio: kiunganishaji cha mtindo wa kawaida husoma amri kutoka kushoto kwenda kulia, na katika maktaba ya kudumu huchukua tu vile ambavyo tayari vimehitajiwa. Maktaba ikitajwa kabla ya faili linaloihitaji, hupitwa bila kuchukuliwa kitu. Ya tatu inatokana na umbo la majina. Kompaila ya C++ huliongezea jina la utaratibu alama zinazoonyesha aina za vijenzi vyake, mithili ya kitenzi kinavyobeba viambishi vya nafsi na njeo. Kompaila ya C haifanyi hivyo. Programu ya C++ inapoiita maktaba ya C bila kutangaza kuwa maktaba hiyo ni ya C, hutafuta jina lenye viambishi katika orodha yenye mashina matupu. Vitu vyote vipo, lakini havikutani.

3.4 Upakiaji

Hatua ya mwisho huja baada ya ujenzi kumalizika salama. Programu inapoanzishwa, kipakiaji cha mfumo huzitafuta upya maktaba shirikishi. Kikikosa husema "cannot open shared object file", na katika Windows hutaja jina la faili la .dll. Ujumbe huu usichukuliwe kuwa ni wa ujenzi, kwani kujenga upya hakutaubadilisha.

Katika Linux, amri ya ldd hutaja kila maktaba inayodaiwa na mahali ilipoonekana. Tatizo la kawaida ni kwamba maktaba iliyojengwa kwa mkono imewekwa katika saraka ya /usr/local/lib, lakini orodha ya kipakiaji haijahuishwa. Amri ya ldconfig huihuisha. Kigeu cha LD_LIBRARY_PATH huweza kumwonyesha kipakiaji saraka ya ziada, lakini yafaa kitumike kwa majaribio tu. Kikiachwa cha kudumu, huweza kuipatia programu nyingine maktaba isiyo yake.

4.0 Mgongano wa Matoleo

Upo utegemezi ambao majina yake yote yanapatikana na bado hautatuliki. Programu inategemea maktaba mbili, A na B. A inadai maktaba C toleo la 1, na B inadai C toleo la 2. Kama matoleo hayo hayapatani, hakuna C moja inayoweza kuwaridhisha wote. Hali hii inalingana na sentensi ambayo nomino yake moja inadaiwa na kivumishi upatanisho wa ngeli moja na kitenzi upatanisho wa ngeli nyingine.

Zana hazikubaliani kuhusu uamuzi. Maven huchagua toleo lililotajwa karibu zaidi na shina la mti wa utegemezi, hata kama ni la zamani. Gradle, isipoelekezwa vinginevyo, huchagua lililo jipya zaidi. Tangu toleo la 20.3 la mwaka 2020, pip hutafuta mchanganyiko unaowaridhisha wote, na ikiukosa hukataa kuendelea. Kwa hiyo, mwanafunzi anayehamisha mradi kutoka Maven kwenda Gradle huweza kupata maktaba tofauti ingawa orodha yake haikubadilika hata kwa neno moja.

Kukataa kwa pip huudhi, lakini kuna manufaa. Uamuzi wa kimyakimya huhamisha kosa kutoka siku ya ujenzi hadi siku ya matumizi, na hapo chanzo chake huwa kimefichika. Dawa ni kuutazama mti mzima kabla ya kuamua. Amri ya mvn dependency:tree huuonyesha katika Maven, gradle dependencies katika Gradle, na pip check hutaja migongano iliyokwisha kuingia. Baada ya hapo hutafutwa toleo jipya la A au la B ambalo madai yake yanapatana na ya mwenzake. Kulazimisha toleo la C bila kuyasoma madai hayo ni kuahirisha tatizo.

5.0 Mahali pa Kutafutia

5.1 Kutoka Diskini hadi Ng'ambo

Zana ya make, iliyobuniwa na Stuart Feldman katika maabara za Bell mwaka 1976, haikuagiza kitu kutoka nje. Ilitazama mafaili yaliyomo katika kompyuta, ikalinganisha nyakati za kubadilishwa kwake, na kujenga upya yale yaliyopitwa. Ghala la CPAN la watumiaji wa lugha ya Perl, lililofunguliwa mwaka 1995, na baadaye zana kama Maven, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2004, zilibadili hali hiyo. Siku hizi kujenga programu ndogo huweza kuhusisha kuuliza seva zilizo mbali. Ombi la jina limekuwa safari, na safari huweza kukatizwa njiani.

5.2 Baina ya Mlimani na Kimara

Tuchukulie mwanafunzi anayekaa Kimara, mahali palipo kando ya Barabara ya Morogoro, katika Manispaa ya Ubungo iliyomegwa kutoka Kinondoni. Mchana hujenga programu yake Mlimani kwa mtandao wa chuo, nayo hukubali. Jioni hupanda mwendokasi hadi Kimara Mwisho, na nyumbani hutumia kifurushi cha simu. Anaongeza mstari mmoja katika orodha ya maktaba, na ujenzi uliokubali mchana unakataa.

Maelezo ya hali hiyo ni mepesi. Maktaba zilizoagizwa mchana zimehifadhiwa katika akiba ya kompyuta yake, ambayo kwa Maven ni saraka ya .m2 na kwa Gradle ni .gradle. Mstari mpya unahitaji kitu kisichomo katika akiba. Kama kifurushi kimekwisha, ujumbe huweza kuwa "Could not resolve host". Ingawa kitenzi kilichotumika ni kilekile cha kutatua utegemezi, kinachozungumziwa hapa ni jina la seva ambalo halikuweza kugeuzwa kuwa anwani. Kubadili toleo la maktaba hakutasaidia chochote. Wanafunzi wengi huharibu orodha iliyokuwa sahihi kwa sababu ya kutopambanua maana hizo mbili.

Jambo jingine la kuangaliwa ni kumbukumbu ya kukosa. Maven ikijibiwa na ghala kwamba kitu fulani hakipo, huliandika jibu hilo na kwa kawaida hairudii kuuliza mpaka siku ipite, hata kama wakati huo kitu kimekwisha kuwekwa ghalani. Alama ya -U katika amri huilazimisha iulize tena.

Kwa mtu mwenye mtandao wa kukatikakatika, busara ni kukusanya mapema. Akiwa chuoni, amri ya mvn dependency:go-offline huleta tegemezi za mradi, na nyumbani alama ya -o huikataza Maven kutoka nje. Gradle ina --offline. Kwa pip, maktaba hupakuliwa kwa pip download katika saraka moja, kisha huwekwa kwa --no-index na --find-links inayotaja saraka hiyo. Faida yake si kuokoa fedha za kifurushi tu. Ujenzi uliofaulu bila mtandao umethibitisha kuwa kila jina lina kirejelewa chake ndani ya kompyuta.

Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja, na huduma ya intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Katika hali kama hiyo hata aliye Mlimani huwa sawa na aliye Kimara asiye na kifurushi, na mwenye akiba ndiye anayeendelea na kazi.

5.3 Ghala Linapohama au Kufungwa

Mtandao ukiwa mzima, ghala lenyewe huweza kubadilika. Tarehe 22 Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa katika ghala la npm maktaba iitwayo left-pad, yenye mistari 11 tu, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengeka kwa saa kadhaa. Tangu tarehe 15 Januari 2020 ghala kuu la Maven halipokei maombi ya http ya kawaida, bali ya https pekee. Miradi ya zamani iliyoandika anwani ya kale hujibiwa kwa kosa namba 501. Ghala la JCenter, lililotegemewa na programu nyingi za simu za Android, lilitangazwa mwaka 2021 kuwa linafungwa. Matoleo ya zamani ya Debian nayo huondolewa katika seva za kawaida na kuhamishiwa kwenye kumbukumbu ya archive.debian.org.

Katika hali hizo zote jina halikubadilika. Kilichobadilika ni mahali, na dawa ni kusahihisha anwani, si kubadili maktaba.

6.0 Utaratibu wa Uchunguzi

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, utaratibu ufuatao unapendekezwa:

(a) Usomwe ujumbe wa kwanza wa kosa, si wa mwisho. Kosa moja huzaa mengi, na yale ya chini mara nyingi ni matokeo tu.
(b) Atambuliwe msemaji: ni zana ya ukusanyaji, kompaila, kiunganishaji au kipakiaji?
(c) Linakiliwe jina lililotafutwa herufi kwa herufi, pamoja na namba ya toleo.
(d) Iulizwe zana yenyewe ilitafuta wapi. Maven ina alama ya -X, Gradle ina --info, na kompaila nyingi zina -v.
(e) Ithibitishwe kwa macho kama kitu kimo mahali hapo, na kama kimo kwa jina na toleo lilelile.
(f) Libadilishwe jambo moja tu kwa wakati mmoja, na badiliko liandikwe.

Kanuni ya mwisho ndiyo inayovunjwa zaidi. Anayebadili mambo matatu kwa pamoja na kufaulu hajui alichokitatua, na kosa likirudi ataanza upya.

Yafaa pia kutoa tahadhari. Jina kupatikana si ushahidi kuwa kilichopatikana ndicho kilichokusudiwa. Mwaka 2021 mtafiti Alex Birsan alionyesha kwamba aliweza kuingiza programu zake katika mifumo ya kampuni zaidi ya 35 kwa kusajili, katika maghala ya wazi, majina yaleyale ya maktaba za ndani za kampuni hizo. Zana zilikutana na homonimu, zikachagua mgeni. Kwa sababu hiyo, kuokota maktaba yoyote yenye jina linalofanana ili tu ujumbe wa kosa uondoke ni hatari kubwa kuliko kosa lenyewe.

7.0 Mafunzo kwa Nyenzo za Kiswahili

Nyenzo za Kiswahili zenyewe zinatoa fundisho. OpenOffice.org ya enzi za Jambo ilikagua tahajia kwa kutumia maktaba ya MySpell. Mwaka 2006, katika toleo la 2.0.2, nafasi hiyo ilichukuliwa na Hunspell. Mwaka 2010 LibreOffice ilijitenga, na mwaka 2011 OpenOffice.org ikakabidhiwa kwa taasisi ya Apache. Anayetaka kujenga leo msimbo wa mwaka 2004 hana budi kutafuta pia kompaila na maktaba za wakati huo. Hata hivyo, kamusi ya tahajia za Kiswahili iitwayo sw_TZ ingali ikisambazwa pamoja na LibreOffice. Imewezekana kwa sababu ni mafaili ya maandishi ya kawaida: lile la .dic linaorodhesha maneno, na lile la .aff linaeleza viambishi. Mafaili hayo hayaiti maktaba yoyote. Muundo wake ulisomwa na MySpell na unasomwa na Hunspell.

Hata hivyo, muundo huo una mipaka kwa lugha ambishi bainishi kama Kiswahili. Katika kitenzi hatutawapikia, mzizi -pik- umetanguliwa na viambishi vinne: ha-, tu-, ta- na wa-. Hunspell kwa kawaida huondoa kiambishi awali kimoja tu, hivyo mtunzi wa kamusi hulazimika kuuandika mfuatano wote kama kiambishi kimoja kirefu, na mifuatano ya aina hiyo ni mingi mno. Ndiyo maana watafiti huhitaji vichanganuzi vya kina zaidi, na ndiyo maana huingia katika utegemezi wa maktaba nyingine. Haja yao ni ya kitaaluma na haiwezi kuepukwa; kinachowezekana ni kuisimamia.

Mambo matatu yanaweza kufanywa na idara bila gharama kubwa. Kwanza, kanuni za sarufi na leksikoni zihifadhiwe katika mafaili ya maandishi yaliyotengwa na msimbo wa programu, ili zana ikifa, maarifa ya lugha yabaki. Pili, kila tasnifu inayotumia programu iambatishwe orodha kamili ya maktaba na matoleo yake, pamoja na yale ya matawi ya chini, na mafaili yenyewe yahifadhiwe katika seva ya chuo. Tatu, msimbo upelekwe pia katika hifadhi za kimataifa. Software Heritage, iliyozinduliwa mwaka 2016, hukusanya msimbo chanzo, na snapshot.debian.org imehifadhi vifurushi vya Debian tangu mwaka 2005. Anayejua tarehe ya ujenzi wa kwanza huweza kurejea hapo na kuyapata mazingira ya siku ile.

8.0 Hitimisho

Makala hii imejadili kosa la utegemezi usiotatuliwa kwa kulichukulia kuwa ni suala la urejeleo. Imeonyeshwa kwamba jina hutafutwa katika hatua nne, na kwamba kila hatua ina mtafutaji wake, mahali pake na ujumbe wake. Imeonyeshwa pia kwamba dawa ya hatua moja haifai kwa nyingine, na kwamba mara nyingi kitu kinachodaiwa kukosekana kipo, ila kimeitwa kwa jina lisilo lake au kimetafutwa mahali kisipokuwapo.

Mwanaisimu amezoea kuuliza ni kipi kinachorejelewa, na ni kwa ushahidi gani. Akiuhamishia uzoefu huo katika ujumbe wa zana ya ujenzi, hatakuwa na sababu ya kuacha utafiti wake kwa ajili ya mstari mmoja. Na akiandika, siku ile programu yake inapokubali, ni majina gani yaliyotatuliwa, kwa matoleo gani na kutoka wapi, atakuwa amempa atakayefuata nafasi ya kuithibitisha kazi yake au kuikosoa.